Dakika Nne za Baba

Simu haivuki lango la tatu hapa Duqm:
simu ina jicho, na mitambo haipendi kutazamwa.
Lakini kidude hiki cha gemu alichoniuzia Binoy
kwa riyali kumi na mbili, kitufe kimoja kimelegea,
hakina jicho. Yaarub alikigeuzageuza chini ya taa,
Yaarub mzaliwa wa Matrah, Kiswahili chake cha Wete kitupu:
"Hichi cha kuchezea tu?"
Cha kuchezea tu.
"Haya, pita nacho."

Lindo ni saa kumi na mbili.
Gemu ya mpira ilinitoka hamu wiki ya kwanza;
timu yangu imesimama uwanjani dakika ya sitini na moja,
tumefungwa mbili bila, na sina haraka.
Nilichotaka ni sauti.

Nikatafuta programu ya kupigia muziki.

Ya kwanza ilikuja imepambwa kama bibi harusi,
kaseti za picha zinazunguka,
rangi zinapanda na kushuka kwa kila pigo la ngoma.
Nikajivunia nayo mpaka saa saba usiku.
Betri ikakata roho,
nikabaki na upepo na taa nyekundu za matangi.

Ya pili ilikuwa na akili. Mno.
Inapanga nyimbo kwa herufi, kwa mwaka, kwa hali ya moyo.
Nikaiambia moyo wangu uko zamu.
Binoy akaisifu: hii inaruka ukimya,
mwimbaji akivuta pumzi, yenyewe imeshasogea mbele,
hupotezi muda.

Sasa, ndani ya kadi, kati ya nyimbo mia mbili na kumi,
lipo faili moja lililoandikwa: msanii hajulikani.
Kidawa, mdogo wangu, alimrekodi baba barazani, Muheza.
Dakika kumi na moja: paa, ng'ombe wa jirani,
machungwa yaliyooza kwa kukosa gari.

Baba ana kigugumizi.
Akikwama hufumba macho, hugonga goti,
na sisi tulifunzwa tangu wadogo: usimmalizie.
Neno la mtu ni lake, hata likichelewa.

Programu ile ikammalizia.
Saa nane usiku nikamsikia mtu mfasaha,
anatiririka kama msomaji wa taarifa ya habari,
ananiita mwanangu bila kujikwaa popote,
nami nikaitazama skrini
kama mtu aliyepigiwa simu isiyo yake.
Dakika saba. Nikarudia. Saba.
Dakika nne za baba zimekwenda wapi?

Nikaifuta palepale, sikungoja kukuche.

Ya tatu haina sura. Herufi nyeupe juu ya weusi.
Majina marefu inayakata mkia,
mambo ya moyo wa mtu haiyaulizi.
Unazima skrini, yenyewe inaendelea gizani mfukoni.
Ukiisimamisha, inakumbuka ulipoishia.
Binoy alicheka: hii ya mwaka gani?
Sikumjibu. Tangu Novemba sijagusa nyingine.

Jana baba alikuwa amefika kwenye paa,
"n-nunua ma... ma..."
goti likagongwa mara mbili, nalisikia goti,
nasikia Kidawa alivyonyamaza,
na lori la maji likapiga honi langoni.
Nikabonyeza kitufe kilicholegea. Mara ya pili kikakubali.
Nikafungua, nikaandika namba, dereva akalalamikia vumbi,
nikarudi kitini.

Najua ni mabati. Nimeshamsikia mara thelathini.
Hata hivyo sikumwahi.
Nikangoja upepo upungue kidogo,
nikabonyeza, naye akaendelea palepale,
kwenye ma.